Wifi hataki kutoka hospitali, mama anasema ni dharau

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Tanga kwa wazazi, na humu ndani siku hizi hakusemeki. Mwanzoni mwa mwezi wifi yangu, mke wa kaka, alijifungua katika hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam. Mimba ilikuwa na wiki 29. Presha ilimpanda ghafla, uso ukavimba, macho yakaanza kuona ukungu, madaktari wakasema hili halingojei kesho. Akapasuliwa. Ni mtoto wa kiume, gramu 1,150.

Mama alifunga safari siku ileile aliyoambiwa. Alibeba kanga mpya, samli, unga wa uji, pilipili manga, mafuta ya kukandia na udi. Akazuiwa mlangoni pa wodi ya njiti. Alimwona mjukuu kwa mbali, ana mrija puani na nyaya kifuani, akarudi Tanga hana hamu hata ya chai. Tangu hapo neno lake ni moja: mzazi aletwe nyumbani akae arobaini yake, akandwe, ale, alale. Mtoto yuko kwenye mashine na wataalamu wapo, yeye anafanya nini pale? Mama yake wifi alishafariki, kwa hiyo mama yangu anasema, "Mimi ndiye mama yake, nisipomlea mimi nani atamlea?"

Wifi amekataa. Amesema hatoki bila mtoto. Analala wodi ya akina mama, kitanda wanabanana wawili, na kila baada ya saa tatu anapanda kwa mtoto, hata usiku wa manane. Simu mara nyingi imezimwa. Shangazi yetu mmoja akaweka picha ya mtoto na mirija yake kwenye kundi la familia, watu wakaanza kuisambaza. Wifi akajitoa kwenye kundi usiku uleule. Sasa imekuwa ana dharau, amesoma sana, anatuona washamba. Shangazi huyohuyo anasema chanzo ni kupanda bodaboda na mimba na kukesha na kompyuta ya ofisini.

Kaka yuko katikati. Anatoka kazini anakwenda hospitali, anarudi nyumbani kubadili nguo. Juzi alinipigia akalia hadi nikakosa la kumwambia. Binti yao wa miaka minne wamemwacha kwa jirani, anauliza mama yuko wapi.

Mimi ni fundi cherehani, naweza kufunga kibanda nikaenda Dar. Ila naogopa kuwa mzigo, maana wodini wanaingiza mtu mmoja, na sijui nimwambie nini wifi. Nikimtumia "pole, Mungu mkubwa" hajibu. Siku mtoto alipopungua uzito alimwambia kaka, "Waambie wasiniulize kilo."

Naomba unijibu: tumlazimishe arudi nyumbani? Nikienda nitafanya nini? Na ni kweli mtoto wa miezi saba ni bora kuliko wa minane? Mama amelishika hilo kama nguzo.

Wifi Mtu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote, mama yako akiwemo.

La kwanza nalijibu bila kuzunguka: hapana, msimtoe. Wifi yako hakai pale kumtazama mtoto. Yeye ni sehemu ya tiba, na baadhi ya anayoyafanya hayana mashine ya kuyafanya badala yake.

Chukua chakula. Mtoto wa wiki 29 hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Uwezo huo kwa kawaida huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, ukihesabu kama hospitali wanavyohesabu mimba, tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mpaka hapo analishwa kwa mrija, mililita chache chache, na kinachopita humo ni maziwa ya wifi yako aliyoyakamua kwa mkono. Ndiyo maana anapanda kila baada ya saa tatu. Titi lisilokamuliwa usiku hupunguza kutengeneza, na mzazi ambaye mtoto hajawahi kumnyonya ana hatari kubwa zaidi ya kukaukiwa. Mpandisheni basi la Tanga leo, mkae naye wiki mbili tatu, mtampata mzazi aliyenenepa na maziwa yaliyokata. Na kwa njiti maziwa ya mama si chakula tu, yanamkinga na maambukizi na ugonjwa hatari wa utumbo unaowapata sana watoto wa namna yake.

Kisha kuna joto. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, anapoa upesi kuliko unavyodhani, na akipoa anatumia nguvu zake kujipasha joto badala ya kukua. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, hospitali ilikuwa na watoto wengi kuliko inkubeta. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa kwa nguo. Wengi waliona ni njia ya maskini waliokosa vifaa. Leo tunajua zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika nchi tano zikiwemo Malawi, Ghana na Tanzania yetu, pale Muhimbili, uliwafuatilia watoto waliozaliwa na kilo moja hadi chini kidogo ya 1.8. Waliobebwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie kwanza, walikufa wachache kwa asilimia 25 kuliko waliongoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu faida ilishaonekana wazi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza njiti abebwe hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Saa nane ndicho kiwango cha chini, mwanangu. Mama mmoja mwenye mshono mbichi tumboni, anayekamua mara nane kwa siku, anazitoa wapi?

Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Kifua si lazima kiwe cha aliyezaa. Cha kaka yako kinafaa, chako kinafaa, hata cha mama yako. Katika utafiti ule mama aliruhusiwa kuteua mtu wa kumpokea. Kila wodi ina utaratibu wake na nyingine bado ni ngumu mno kwa hili (naona wanakosea, lakini wodi ni yao). Kwa hiyo kaka amuulize sista kiongozi kwa adabu: "Tuna ndugu mmoja mzima wa afya, anaweza kufundishwa kumbeba mtoto mama akipumzika?" Anayekwenda asiwe na mafua wala kikohozi wala upele, kucha zimekatwa, pete na bangili zimebaki nyumbani, mikono inaoshwa hadi kwenye viwiko.

Sasa mama yako. Msimgeuze adui, kwa sababu jambo moja kubwa amelipatia: mzazi huyu anahitaji kulelewa, tena kuliko wengine. Alichokosea ni mahali tu. Arobaini ihamie Dar. Tafuteni chumba au gesti ya bei nafuu karibu na hospitali, mama aje na sufuria zake. Uji asubuhi, supu au mtori mchana, kitu cha moto kwenye chupa ya chai cha kunywa usiku akikamua. Wifi akipata saa mbili za kuoga na kulala kitanda cha peke yake mchana, huku mmoja wenu yuko na mtoto, hiyo ni arobaini kamili.

Ila mama aambiwe mambo mawili matatu, na ayasikie kwa mwanawe. Tumbo lenye mshono halikandwi kwa maji ya moto. Udi, manukato na mafuta yenye harufu kali vibaki Tanga, mapafu ya mtoto huyu hayawezi kuyabeba hata yakija kwenye nguo tu. Kama alikuwa na mpango wa akika na kunyoa nywele siku ya saba, kichwa cha njiti ndicho kinachopoteza joto jingi na ndiyo maana anavalishwa kofia usiku na mchana, kwa hiyo wembe ungoje daktari aseme, na shehe wenu ataeleza kwamba hakuna dhambi katika kungoja. Kama kaka hajaadhini, hilo linawezekana leo. Amuombe nesi, anawe mikono, aadhini kwa sauti ya chini.

Na hili lisipite. Presha ya mimba haimalizikii chumba cha upasuaji. Inaweza kupanda tena wiki kadhaa baada ya kujifungua, na mama wa njiti ndiye anayejisahau, macho yote yako kwa mtoto. Mkimsikia wifi analalamika kichwa kinagonga, anaona vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia au pumzi inambana, msimpe panadol akalale. Apimwe presha saa hiyohiyo. Muulizeni kila siku kama amepimwa.

Presha hiyohiyo inamjibu shangazi. Haikuletwa na bodaboda wala kompyuta. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma, na hakuna dawa inayoiondoa zaidi ya kumtoa mtoto na kondo lake. Madaktari wale hawakuharakisha ovyo, walikuwa wanaokoa watu wawili. Wifi yako usiku akikamua maziwa anajiuliza tayari alikosea wapi, kila mama wa njiti niliyekaa naye hujiuliza. Akisikia na ukweni wanauliza hilohilo, mmemmaliza. Picha ifutwe popote ilipofika, na shangazi aombe radhi ana kwa ana au kwa barua, si kwa ujumbe kwenye kundi wenye vikaragosi vya kulia.

Kuhusu miezi saba na minane: si kweli. Kila wiki tumboni inaongeza nafasi ya mtoto, wa minane ana mapafu yaliyokomaa zaidi na mafuta mwilini zaidi kuliko wa saba. Lakini sioni haja ya kumnyang'anya mama yako nguzo yake leo. Mwambie tu asilitumie kumwahidi wifi kwamba mtoto atapona. Mimi pia sikuahidi. Njiti wa gramu 1,150 wengi wanaishi wakipata joto, maziwa na ulinzi dhidi ya maambukizi, na wengine wanaondoka wakiwa wamepata vyote hivyo. Ahadi ya mdomoni inamfanya mama ashindwe kusema "leo ninaogopa", kwa sababu ameshaambiwa asiogope.

Ndiyo sababu hataki kuulizwa kilo. Siku za mwanzo karibu kila mtoto hupungua, na njiti anaweza kuchukua wiki mbili kurudia uzito wa kuzaliwa. Leo anaongeza gramu 20, kesho anapoteza 30, keshokutwa anasahau kupumua kwa sekunde kadhaa, mashine inapiga kelele, nesi anamgusa unyayo, anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mama aliyeyaona hayo asubuhi hawezi kuyasimulia kwa watu kumi na wawili jioni. Basi mmoja wenu, afadhali wewe, ampigie kaka mara moja kwa siku kwa saa mnayokubaliana, kisha wengine wote waulize kwako. Siku kaka akisema "leo sina la kusema", kundi liambiwe hivyohivyo.

Wifi mwenyewe mwandikie ujumbe usiodai jibu. "Pole, Mungu mkubwa" si kosa, ila unamwachia kazi ya kuitikia "amina, asante". Mwandikie: "Wifi, usijibu. Nimempeleka bintiyo shule, amekula, anakusalimu." Au: "Nipo getini na supu, nimemwachia mlinzi." Mkikutana, muulize mtoto amepewa jina gani, umtaje kwa jina hilo. Mtoto akiitwa jina, mama anasikia kwamba mnamhesabu. Na akitaka kukaa kimya, kaa naye kimya. Usimsimulie habari za mtoto wa fulani aliyefia wodi ileile, hata kama mwisho wa hadithi ni mzuri.

Kaka yako alipolia ulikosa la kusema, na nadhani hukuharibu kitu. Mtu wa kumwambia "jikaze, wewe mwanaume" atampata popote. Msukume aende akambebe mwanawe kifuani jioni. Baba wengi wanaogopa kwamba watamvunja, wanaambiwa wasubiri nje, na mwisho wanabaki kuwa watu wa kulipa na kununua dawa. Aifahamu na haki yake. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yanampa baba wa njiti likizo ya siku 7 badala ya 3, na likizo ya mama inaongezewa wiki zilizobaki kufikia 40. Kwa wifi hizo ni wiki 11 juu ya zile siku 84 za kawaida. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, alilipigania jambo hili miaka mingi. Kaka achukue cheti cha daktari kinachoonyesha wiki za mimba, akipeleke kwa mwajiri wa wifi mapema, kwa sababu mwenye mtoto wodini hakumbuki tarehe za likizo mpaka zimeisha.

Fedha za michango msinunulie nguo za mtoto. Nguo za dukani zitamzidi kwa miezi. Mpeni kaka taslimu bila kumdai maelezo: kuna pampasi, nauli za kila siku, chakula, na hata huduma ya mtoto chini ya miaka mitano inapokuwa ya msamaha hospitali za umma, kuna dawa inayokosekana dirishani na kutafutwa nje.

Siku ya kutoka itakuja kwa haraka kuliko mlivyojiandaa. Kwenye wodi zetu mtoto haruhusiwi kwa sababu amekuwa mkubwa, anaruhusiwa akiwa ananyonya, anapumua vizuri na anaongezeka, hata kama bado hajafika kilo mbili. Kubebwa kifuani kunaendelea nyumbani. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, wageni wangoje, na dawa ya mchango isikaribie mdomo wake hata kwa ncha ya kijiko, ni maziwa na dawa za hospitali tu. Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, lakini kukaa na kutambaa kunahesabiwa tangu tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, kwa hiyo msimpime na mtoto wa jirani. Kaka aulize pia kuhusu kupimwa macho. Mtoto wa wiki 29 aliyepata oksijeni anahitaji jicho lake la ndani litazamwe na bingwa akiwa na wiki nne hivi, kwa sababu mishipa ya damu inaweza kuota vibaya na upofu unazuilika ukiwahiwa. Hili husahaulika sana watu wakishaona mtoto amenenepa.

Nenda Dar, mwanangu. Kwanza kwa yule binti wa miaka minne, maana hakuna aliyemweleza kitu. Mtoto wa umri huo asipoelezwa hujitungia, na mara nyingi hujitungia kwamba mama ameondoka kwa sababu yeye ni mtukutu. Mwambie mdogo wake alizaliwa mapema, ni mdogo sana, mama anampasha joto hospitali, naye atarudi. Kama wodi hairuhusu watoto, wifi ashuke uani wakae nusu saa, amsuke.

Kisha cherehani yako. Kabla hujafunga kibanda, mpigie kaka amuulize nesi wanataka vipimo gani. Shona kofia za pamba laini zinazoshika masikio bila kubana, vishati vinavyofunguka mbele ili nyaya zipite, na vitambaa virefu vya kufungia mtoto kifuani, vyenye kuvutika kidogo. Shona na blauzi mbili za wifi zenye vifungo mbele, maana zile alizoondoka nazo nyumbani hakika hazifai kukamulia. Fua kila kitu kwa sabuni isiyo na harufu, pasi ipite pande zote mbili, funga kwenye mfuko safi. Ukishona, ongeza seti mbili tatu. Yule mama mwingine wanayebanana naye kitandani huenda hana wifi mwenye cherehani.